Ufunguo Uko Nzega

Juzi nilipeleka gari kubadilisha breki kwenye gereji moja hapa Tabora. Ukutani palikuwa na mtungi wa kuzimia moto, mpya, umefungiwa ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Chini yake fundi alikuwa anachomelea bomba la moshi, na dumu la petroli liko hatua tatu kutoka kwenye cheche.

"Fundi, mbona mtungi una kufuli?"

Akainua miwani ya jua, hiyohiyo aliyokuwa anachomelea nayo. "Wa kwanza uliibwa, mzee."

"Ufunguo anao nani?"

"Bosi."

"Bosi mwenyewe yuko wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea barabarani. "Nzega. Atarudi keshokutwa."

"Mkaguzi hajawahi kuja?"

"Alikuja. Akauona, akaandika upo." Akashusha miwani, akawasha tena.

Nilianza kutilia shaka kila kitu mle ndani, hata jeki iliyoinua gari langu. Bosi anaogopa mwizi. Mkaguzi anaogopa fomu yenye nafasi wazi. Anayeogopa moto sikumwona, isipokuwa mzee mmoja aliyesubiri gari lake ng'ambo ya barabara, na huyo ni mimi.