Marashi yaliingia kwenye kamera nikibadilisha lenzi, chumbani kwa Bi Nyamizi

Wakuu, habari za saa hizi. Mlio wadogo kwangu, na naona karibu wote ni wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea. Marahaba.

Mimi ni bibi wa hapa Tabora, Ng'ambo. Shule niliishia kujua kusoma na kuandika, basi. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu wangu Saida, kwa hiyo herufi ikikaa vibaya mnivumilie.

Saida anapiga picha za harusi, ana chumba chake cha kazi Gongoni. Juzi alinisomea uzi wa mwenzenu mmoja humu, analalamika kila akibadilisha lenzi ya kamera yake ya digital picha zinatoka na madoa. Mmemshauri mengi. Wengine mmemwambia apulize kwa mdomo.

Hapo ndipo nikaiomba simu.

Nitakayosema sikusimuliwa. Nilikuwepo, na kamera ilikuwa mikononi mwangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Marehemu mume wangu, Shabani, alikuwa na studio hapa hapa Ng'ambo. Mimi kamera nilifundishwa kwa sababu moja tu: harusi za kwetu mwanamume haingii chumba cha biharusi, na wanawake nao walitaka picha. Shabani akaona bora anifundishe mimi kuliko kazi imponyoke.

Lenzi zetu zilikuwa za kufungua kwa kuzungusha, kama mfuniko wa chupa. Kuzungusha kwenyewe kunachukua muda, na mdomo wa kamera, pale lenzi inapokaa, unabaki wazi, na Tabora ya kiangazi mnaijua vumbi lake. Shabani alinifundisha hivi: lenzi ya pili iwe tayari mkononi, mfuniko wake wa nyuma umeshalegezwa. Mgongo wako uelekee upepo. Mdomo wa kamera utazame chini wakati wote. Na kile kioo kilichomo ndani usikiguse, si kwa kidole, si kwa kitambaa. Alisema si kama kioo cha kuchania nywele, kile kimepakwa rangi yake juu juu, ukifuta inatoka.

Nikayashika. Kuyashika si kazi.

Sasa siku hiyo alikuwa anaolewa Zuhura, mtoto wa jirani. Shabani hakuwepo, alikuwa amechukuliwa na gari la serikali kwenda huko njia ya Urambo kupiga picha nyumba za kijiji kipya. Aliniachia kamera ndogo, lenzi mbili, na filamu iliyobaki ndani. Nyingine mjini hazikuwepo. Wakati ule filamu tulikuwa tunazisikia tu, kama sabuni na sukari. Flash nayo betri zilikuwa zimekufa.

Nikapiga uani, nikapiga wanaocheza, nikampiga Zuhura na mashoga zake. Wote nawakumbuka: Chausiku, Hadija, Mwamvua na yule Asha mrefu. Nikatazama kihesabu cha kamera, imebaki moja.

Nikaanza kufunga mfuko. Zuhura akanishika mkono, akaniambia bibi yake anataka picha.

Wakuu, hilo lilikuwa jambo. Bibi yake, Bi Nyamizi, ndiye aliyemlea, na hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Si kwamba aliogopa. Shabani alimwomba mara nyingi, akawa anajibu kwamba picha ni za watu wanaosafiri, yeye yuko hapa, mwenye kumtaka aje amtazame.

Baba yake alikuwa mpagazi, wale waliobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani. Alikwenda safari moja Bi Nyamizi akiwa mdogo, hakurudi. Bi Nyamizi alikuwa akituambia kwamba sauti ya baba yake anaikumbuka, akikohoa anaikumbuka, lakini uso umemtoka. Alikuwa anasema hivyo huku anachambua mchele, bila kulia wala nini.

Mwaka ule alikuwa haamki tena kitandani. Zuhura alikuwa anaolewa na mtu wa reli, asubuhi yake wanapanda treni kwenda Kigoma. Kila mtu ndani ya nyumba ile alijua kwamba hao wawili hawataonana tena, ila hakuna aliyekuwa anasema.

Nikaingia. Amekalishwa, ameegemezwa mito, kavaa kanga mpya. Akanitazama.

"Leo nipige," akasema. "Na mimi naondoka."

Chumba kilikuwa na dirisha dogo moja, na jua la alasiri lilikuwa linaingia hapo tu. Lenzi iliyokuwa kwenye kamera ni ile ya kuchukua watu wengi, haipendi giza. Ilibidi niweke ile nyingine yenye kioo kipana, inayokunywa mwanga.

Nikakaa mkekani, mdomo wa kamera chini kama nilivyofundishwa, nikafungua. Lakini kwa giza lile sikuiona njia ya kuingizia lenzi, nikainua kamera kidogo nielekee dirishani nione.

Na hapo hapo akaingia Shangazi Mwanaidi, shangazi yake Zuhura, na mrashi, kile chombo cha kunyunyizia marashi.

Mnaojua harusi za kwetu mnajua. Mgeni anarashiwa, ni heshima. Akamrashia Zuhura, akamrashia bibi, akanirashia mimi kichwani, halafu akaiona kamera imefunua mdomo.

"Na huyu naye mgeni, tusimbague," akasema. Akairashia.

Chumba kizima kikacheka. Chausiku akasema picha za Zuhura zitanukia mpaka Kigoma.

Mimi nilichungulia ndani. Kile kioo kina matone, yanang'aa.

Bi Tatu, aliyekuwa somo wa biharusi, yaani mwenye kumfunda, akaninyooshea pindo la kanga yake. "Futa, mwanangu, mpya hii, haijaguswa na maji." Nikamwambia haifutwi. Akawaambia wenzake mke wa mpiga picha anaogopa marashi, wakacheka tena. Kanga mpya, wakuu, ina wanga na ina nyuzi. Ningefuta, ningekikwaruza kioo na kuacha nyuzi humo ndani.

Nikaigeuza kamera mdomo chini, nikaitikisa taratibu, tone moja likaangukia mkekani. Mengine yakang'ang'ania. Lenzi ya pili niliikagua nyuma, ilikuwa kavu, maana ilikuwa bado chini ya mtandio wangu.

Shabani aliwahi kunieleza kwamba kile kioo kazi yake ni kulipatia jicho lako picha tu. Ukibonyeza kinaruka juu, na filamu inapata mwanga wa lenzi peke yake. Kwa hiyo doa la kwenye kioo linakusumbua wewe, filamu haina habari nalo. Alinieleza, lakini sikuwahi kuliona likithibitika. Na kioo kikiruka na maji yake kinarusha nyuma, kwenye lile pazia lililo mbele ya filamu. Kwa hiyo ilibidi kikauke kwanza.

Nikawaambia tusubiri.

Jua linapanda ukuta, linamtoka Bi Nyamizi usoni. Mimi nimeshika kamera imetazama chini, nimeifunika mtandio kwa juu vumbi lisiingie. Wakacheka mpaka wakaacha. Shangazi Mwanaidi akaweka mrashi chini, akawa ananitazama mimi, anautazama mrashi. Bi Nyamizi kichwa kikaanza kulala. Zuhura akamshika kidevu, akamwinua, akakaa naye shavu kwa shavu.

Nikachungulia. Pamekauka, lakini marashi yanaacha alama. Nikafunga lenzi, nikaweka jicho.

Uso wa Bi Nyamizi ulikuwa na mabaka. Moja lilikaa juu ya jicho lake, jingine mdomoni. Nikawaza nikibonyeza hivi ndivyo atakavyobaki. Nikamkumbuka Shabani na maneno yake. Nikasogeza kamera mpaka nikaliona vizuri jicho moja pembeni ya baka, nikazungusha lenzi mpaka jicho hilo likaonekana kali, nikarudisha kamera mahali pake, nikabonyeza.

Filamu ikaisha.

Asubuhi Zuhura akaondoka na treni, hajui kama picha ipo au haipo. Nami sijui.

Shabani aliporudi nikamweleza kabla hajavua viatu. Akaichukua kamera, akakitazama kioo, akaniuliza kama kuna aliyefuta. Nikasema hakuna. Akaingia chumba cha giza bila kula.

Ilitoka safi. Hakuna baka, hakuna uzi. Mpaka nyusi za Bi Nyamizi zinahesabika.

Moja tukampa mtu mwingine wa reli aipeleke Kigoma, ikafika. Nyingine nikampelekea Bi Nyamizi mwenyewe. Akaomba asogezwe dirishani. Akaishika karibu sana na macho, akawa anaitazama. Shangazi Mwanaidi akadhani haoni, akamwambia, "Ni wewe hapo, na Zuhura."

"Zuhura namwona," akasema Bi Nyamizi. "Huyu mwingine ni baba."

Akaiweka chini ya mto. Mwezi wa mfungo haukumkuta.

Sasa turudi kwa yule mwenye madoa. Saida amenionyesha kamera zenu za siku hizi, hizi mirrorless. Kile kioo hakipo. Ukitoa lenzi, ile sensa, inayopokea picha badala ya filamu, iko wazi hapo hapo, na doa likiikalia linaingia kwenye kila picha mpaka uitoe. Kwa hiyo bahati yangu mimi wewe huna.

Zima kamera kwanza, maana Saida anasema ikiwa inawaka inavuta vumbi. Itazame chini. Lenzi ya pili iwe tayari. Mgongo kwa upepo, au ingia ndani. Usipulize kwa mdomo, mate ni mate hata yakiwa yako, tumia kipulizio cha mpira. Usifute na nguo yoyote, hata anayekupa ni mtu wa heshima. Ukikwama, funika, mpelekee anayejua.

Na ukiingia chumba cha biharusi, tafuta kwanza mrashi uko kwa nani. Saida siku hizi anamwomba mwenye mrashi amshikie mfuko wa lenzi, mikono yote miwili. Anaona amepewa cheo.

Zuhura yupo, ni bibi sasa, picha ile bado anayo Kigoma. Na nyie mliowahi kuingiwa na kitu kwenye kamera mahali msipotegemea, hebu wekeni hapa. Saida atanisomea jioni.