Waliolala kwa Bibi

Kazi yangu ilikuwa kupima kama huduma za kusaidia familia, ili watoto wasipelekwe makao ya kulelea watoto, zinafaa kitu. Tulikuwa na gari jeupe, vizibao vyenye nembo, vipeperushi vya mradi na mtaalamu kutoka Dar es Salaam aliyekuja na kipimo chake: mtoto akilala nyumbani kwa mama, familia imesalimika, asipolala humo, imevunjika. Nani alimwambia hivyo, sijui. Kwetu Unyamwezini mtoto akishapata akili kidogo hulala kwa bibi. Mimi mwenyewe nililala kwa bibi mpaka nilipoenda sekondari, na hakuna aliyeniita yatima.

Katika kijiji kimoja mbele ya Isikizya tulimkuta mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa ameshaonywa kwamba matokeo yetu yakiwa mabaya, watoto watapelekwa makaoni mjini. Mtaalamu akamuuliza wanalala wapi.

"Kwa bibi yao, pale," akasema, akionyesha nyumba ya mama mkwe wake ng'ambo ya ua. Bibi alikuwa anaanika michembe, viazi vikavu vya kula masika.

"Kwa hiyo hawaishi na wewe."

"Wanaishi na mimi. Wanalala kwa bibi."

"Dada, chagua moja."

Tukiwa njiani nilijaribu kumwelewesha. Akaniambia nisichanganye utafiti na hisia. Hasira zilinipanda, nilitamani kumshusha palepale, arudi Tabora kwa miguu kama wapagazi wa zamani, na vipeperushi vyake kichwani.

Tuliporudi kwa mahojiano ya pili, mjane alikuwa ameshachagua. Watoto wote watatu walilala kwake, wamebanana kwenye mkeka mmoja. Mtaalamu alifurahi kama aliyewazaa yeye. Akawapanga mlangoni, akawapiga picha, na siku ya kuwasilisha matokeo picha ile ilijaa ukuta mzima. Watu walipiga makofi, kisha wakala pilau. Watoto hawakupelekwa popote, na kwa hilo nami nilipiga makofi kwa moyo wote.

Baadaye nilirudi kijijini peke yangu kuwashukuru. Bibi nilimkuta jikoni kwake anapuliza moto, mara anakohoa, mara anapuliza tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, ila maji ya kukupa sina. Waliokuwa wakinitekea walikuwa wakiamka hapa."

Nikachuchumaa karibu na moto.

"Mkwe wangu simlaumu," akaendelea. "Aliogopa watoto wasije wakachukuliwa. Hata mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini hebu niambie, huo mradi wenu ni wa nini hasa?"

"Wa kulinda familia zisitenganishwe, bibi."

Akauacha moto, akanitazama.

"Basi na mimi niandikeni," alisema. "Nina wajukuu watatu wamechukuliwa."