Sauti Iliyosema "Nipo"

Cheti kilikuwa kimekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya kitabu cha maelekezo ya injini ya pampu, mahali ambapo fundi aliamini hakuna mtu mwenye akili timamu angefungua kusoma. Kwa miaka kumi na moja imani yake haikumwangusha. Kisha binti yake, akitafuta karatasi za kuambatanisha na fomu ya chuo cha wauguzi wa jeshi, akakifungua.

Fomu ilikuwa na swali kwenye ukurasa wa tatu: mzazi amewahi kutumikia jeshi, na kama ndiyo, aliondoka kwa sababu gani? Binti alijua jibu tangu utotoni. Mgongo. Baba aliinua injini vibaya, mgongo ukagoma, jeshi likamwachia. Lakini cheti, kwa herufi za taipu na muhuri wa zambarau, kilisema: ameachishwa kwa utoro, siku saba.

Akamfuata uani, alikokuwa amepiga magoti mbele ya pampu iliyofumuliwa.

"Baba, ulitoroka?"

Fundi akaitazama bisibisi yake kana kwamba jibu limechongwa kwenye mpini.

"Sidhani," akasema.

"Hudhani?"

"Nilikuwa naumwa, mwanangu. Nilikuwa hospitali. Ila wao wana kitabu kinachosema nilikuwa kambini. Halafu mbele kidogo kinasema sikuwepo."

"Sasa wewe ulikuwa wapi?"

"Ndicho ninachokuambia. Sijui vizuri."

Dirishani pa chuo binti alikuwa ameshaambiwa wazi: mtoto wa mtoro jina lake linakatwa, na fomu zinafungwa mwisho wa mwezi ujao, saa tisa alasiri. Basi fundi akanawa mikono, akaanza kutafuta alikokuwa.

Alichokikumbuka kilikuwa kidogo. Alikuwa koplo, fundi wa pampu za maji wa kikosi. Asubuhi moja alipeleka pampu kwenye karakana ya kikosi cha jirani, akaanza kutetemeka kwa baridi juani, na kitu cha mwisho alichokiona ni viatu vya mtu asiyemjua vikikimbia kuja kwake. Baada ya hapo ni dari nyeupe, na muuguzi anayemwita kwa namba yake ya jeshi. Waliompeleka hospitali ni wale jirani. Kikosi chake hakikuambiwa siku hiyo wala ya pili yake. Aliporuhusiwa, suruali ikimvuka kiunoni, alirudi kambini kwa miguu yake na kukamatwa getini.

Katikati ya hapo kulikuwa na jambo ambalo askari yeyote angelielewa na raia yeyote angelishangaa. Alfajiri, kabla uso wa mwenzako haujaonekana, sajenti huita majina kwa tochi na kitabu. Mwenzako akichelewa kuamka, unamwitikia. Unageuza sauti kidogo, unasema "Nipo!", sajenti anatia alama, maisha yanaendelea. Fundi mwenyewe alikuwa ameitikia majina ya wenzake mara nyingi hadi alizijua sauti zao kuliko yake. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: haiulizwi nani kaitikia.

Kwa hiyo siku kumi na nne, akiwa kitandani anaweweseka, jina lake liliitwa na likaitikiwa. Barua ya hospitali ilipofika hatimaye, karani wa kikosi alifungua kitabu, akaona mgonjwa huyo anaitikia kila alfajiri kwa afya tele, akaitupa kapuni akiamini hospitali wamekosea mtu. Siku ya kumi na tano akaja sajenti mpya. Huyu alihesabu vichwa, si sauti. Kichwa cha fundi hakikuwepo. Siku saba zilipotimia, akaandikwa mtoro.

"Ama ulikuwa kambini ukatoroka," waliomhoji walimwambia, "ama ulikuwa hospitali na kuna mtu anatudanganya. Chagua." Alikuwa mdhaifu, kichwa kikivuma, hakuona hata chaguo lenyewe liko wapi. Akatia sahihi.

Sasa alikwenda hospitali, na baada ya kurudi mara tano akapewa nakala ya daftari la wodi, kurasa mbili, siku ishirini na moja. Akaipeleka kwa dada mmoja mpiga chapa, mwenye meza yake kwenye ukumbi wa nje wa mahakama.

"Haya, kaka. Unakata rufaa ya nini?"

"Sababu. Kuachishwa nimekubali, miaka imekwenda. Sababu ndiyo siitaki."

"Hizo siku saba ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Siku ishirini na moja."

"Nimekuuliza saba."

"Hizo saba ziko mwishoni mwa ishirini na moja."

"Na kumi na nne za mwanzo?"

"Hizo nilikuwa kwenye mstari, naitikia jina."

Dada akaacha kupiga. "Kaka yangu, ulikuwa umelala hospitali huku umesimama kambini?"

"Kitabu ndicho kinachosema."

"Mimi nimeandika talaka, nimeandika mirathi, nimemwandikia hadi mtu aliyemshtaki jogoo wa jirani. Wewe umenitoa jasho. Mtafute aliyeitikia, aje aseme. Bila yeye hapa naandika ndoto."

Aliyeitikia, kama alikuwa mmoja, angekuwa Mlingoti. Walimwita hivyo kwa urefu, na walikuwa wakilala vitanda jirani. Sasa alikuwa sajenti, bado miezi minane astaafu. Fundi alimkuta kwake Jumapili akipiga viatu rangi, mkewe akikunja nguo.

"Karibu, shemeji," mke akasema. "Umepotea kama umehama dunia."

Fundi akaeleza. Mlingoti alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu.

"Nilikuwa mimi," akasema. "Siku tatu."

"Tatu? Ziko kumi na nne."

"Ya nne niliogopa, nikanyamaza. Ukaitwa. Nikasikia 'Nipo!' nyuma yangu, sauti yako kabisa. Nywele zilinisimama."

"Nani?"

"Wewe nawe! Tangu lini watu wanaulizana?" Akacheka kidogo, akaacha. "Kusema kweli tulidhani una mwanamke mjini. Tulikuwa tunakusifu."

"Nilikuwa nakufa, Mlingoti."

"Tungejua hivyo, tungenyamaza."

Mke alikuwa ameshikilia shati moja muda mrefu bila kulikunja. Mlingoti akapitisha brashi kwenye kiatu kilichokwisha kung'aa.

"Nikitajwa wananivua cheo, na kustaafu ndio basi tena. Lakini nitaje tu. Mimi ndiye niliyeanza." Alisema hivyo haraka, kama mtu anayemeza dawa.

Fundi aliondoka akiwa hajui zaidi ya alivyokuja. Njia nzima alijaribu kuisikia ile sauti ya siku ya nne. Kuna mahali, karibu na kituo cha mafuta, alijiuliza kama huenda kweli alikuwa yeye mwenyewe. Kama huenda alitoka wodini usiku akatembea usingizini. Akajitukana kimoyomoyo.

Dada mpiga chapa aliiandika rufaa hivyohivyo, bila shahidi, na siku ya kusikilizwa mbele ya bodi ya jeshi ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya fomu; dirisha la chuo lilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Binti alikaa kwenye korido, fomu magotini, kalamu imefunguliwa. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu. Aliyeongoza alikuwa meja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na mbele yake kitabu cha kikosi na zile kurasa mbili.

"Mzee," meja akasema, "nimesoma mara tatu. Hapa uko hospitali. Hapa, tarehe zilezile, uko kambini. Nani aliitikia jina lako?"

Fundi akafungua mdomo. Jina la Mlingoti lilikuwa limekaa juu ya ulimi. Akilitaja, ukweli wote ungekuwa mezani: hakutoroka, hakudanganya, alionewa. Angeweza kutoka na kumwambia mtoto wake neno moja lililonyooka.

"Kulikuwa na giza, afande," akasema. "Nami sikuwepo."

Mmoja wa wajumbe akakohoa kuficha kicheko. Meja hakucheka. Akamtazama fundi kwa muda, na fundi akapata hisia ya ajabu kwamba mama huyu naye aliwahi kusimama kwenye mstari alfajiri.

"Kama hakuna jina, kitabu hiki kinabaki kama kilivyo," meja akasema. "Kinasema ulikuwepo siku kumi na nne. Hilo hakuna aliyekushtaki nalo. Ulishtakiwa kwa siku saba, na kwa siku hizo saba hospitali inasema ulikuwa mgonjwa." Akausukuma ukurasa wa kwanza wa daftari la wodi, wenye zile siku kumi na nne, umrudie fundi, akabaki na wa pili. "Huu unatuchanganya. Chukua."

"Lakini afande, hata hizo kumi na nne nilikuwa..."

"Mzee. Ukiendelea kueleza, utashindwa."

Karani akamletea maelezo ya kutia sahihi: kwamba alikuwepo kikosini siku kumi na nne, kisha akalazwa siku saba. Sababu ya kuachishwa: maradhi. Fundi akasoma mara mbili. Hakutoroka, hilo lilikuwa kweli. Na limejengwa juu ya jambo lisilo kweli. Ameshinda au amekubali? Akamtazama meja, naye alikuwa ameshafungua jalada la mtu mwingine. Akatia sahihi.

Kwenye korido binti aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Maradhi," akasema, pumzi ikimtoka. Kisha macho yakarudi juu. "Baba, lakini hapa wanasema kwanza ulikuwa kambini."

"Wanasema."

"Na wewe unasemaje?"

Fundi akaukunja ule ukurasa uliorudishwa, akaufunua tena. "Nilikuwa kitandani. Siku zote ishirini na moja. Kuna watu waliniitikia, wakidhani wananisaidia. Zaidi ya hapo, mwanangu, nikikuambia naelewa nitakuwa nakudanganya."

Binti aliutazama mshale wa saa ya ukutani ukielekea tisa. Akaigeuza fomu hadi ukurasa wa tatu, akaiegemeza kwenye mgongo wa baba yake, akaandika: maradhi.