Mama Kwenye Boriti ya Mlango

Harufu ya matope ya mfereji, ikichanganyika na moshi wa dizeli, hunichosha hadi leo. Hunipata asubuhi nikitoka kazini, nikikata njia kando ya maji katika mtaa wa Winson Green, huku ughaibuni, na papo hapo nakuwa tena mtoto wa miaka tisa mwenye kinyongo.

Mwaka huo akina mama wa kanisa letu walikodi boti ya matembezi. Mama alikuwa akifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mchana kila nilipomhitaji alikuwa amelala. Alilala kwenye tamasha la shule, akalala kanisani, na siku yangu ya kuzaliwa alilala na kijiko cha keki mkononi. Safari hiyo nilimwapisha asisinzie hata kidogo. Akaapa, akaja moja kwa moja kutoka kazini, yunifomu chini ya koti.

Tukafika kwenye loki, yaani chumba cha maji chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma, ambamo boti huteremshwa kama ndoo kisimani. Akina mama wote wakashuka kusaidia. Wangekaaje kama mabibi harusi huku wenye boti wakihangaika? Wakapanga mstari kwenye boriti ndefu ya kusukumia mlango.

"Harambee!" akaongoza Mama Wambui, mwenyekiti wao.

"Hee!"

Mlango haukutikisika.

"Aki hii gate imekataa! Ongezeni nguvu!"

Nahodha, niliyeachwa naye botini, alicheka hadi akakohoa. Akawaambia wangoje: maji ya ndani na nje yakilingana, mlango utafunguka kwa kuegemewa tu. Wakaenda kunywa chai ya flaski. Mama akabaki, mgongo kwenye boriti.

Boti ikashuka. Kuta nyeusi zilizolowa zikapanda pande zote, nisimwone Mama tena. Niliogopa.

"Mum! Are you watching?"

Kimya. Nilijua kimya kile, nikalia kwa hasira.

Kisha maji yakalingana, mlango ukaanza kuachia polepole. Tulipotoka nilimwona ukingoni: amefumba macho, boriti bado mgongoni, miguu ikirudi nyuma hatua fupi fupi.

"You promised," nilimwambia alipopanda.

"Sikulala, mami. Nilifumba macho tu."

Nilihamia kiti kingine, nikamnunia hadi nyumbani.

Sasa mimi ndiye wa zamu za usiku. Jumamosi iliyopita binti yangu aliniamsha kwenye benchi la bwawa la kuogelea, maji yakimchuruzika, akiuliza kama nilimwona akiruka. Nikamjibu nilifumba macho tu. Akaondoka amenuna, nami nikaona aibu ya miaka mingi. Siku ile ya loki, wenzake Mama wote walikwenda kunywa chai; Mama ndiye aliyebaki mlangoni.

Nilitoa simu nimwombe radhi. Lakini ilikuwa saa nane mchana, na Mama, ingawa amestaafu, bado hulala saa hizo. Nikairudisha simu mkobani. Nilitaka alale.