Mashoka Matatu Katika Ndoo Moja

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana mie mwenyewe nshajicheka vya kutosha, lakini aibu niliyoipata Kizimkazi mbele ya wakwe zangu, Ijumaa ile, mpaka leo nikiikumbuka uso unanipata moto, hata nikiwa peke yangu dukani na hakuna anayenitazama.

Kwanza nikwambieni maradhi yangu. Mchana nnauza misumari, makufuli na rangi kwenye duka la vifaa pale Darajani, lakini nikirudi nyumbani Mji Mkongwe nnashughulika na mashoka ya zamani. (Mke wangu Raya anasema waume wa wenzake wanaugua mpira, wa kwake anaugua kutu.) Nnanunua vichwa vya mashoka kwa wauza vyuma chakavu, vimeliwa mpaka hujui kama ni chuma au jiwe, nnavitia kwenye ndoo ya siki siku mbili, nnavisugua kwa brashi ya waya, kisha nnatafuta chapa: herufi, nyota, taji, chochote alichogonga aliyelitengeneza, nipate kujua limetoka wapi. Halafu nnatia makali kwa tupa, nnapaka mafuta, nnachonga mpini wa mpera. Na ukinisikia nnavyolieleza shoka utadhani nilikuwapo siku lilipofuliwa.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Vuai, ni fundi wa vyombo vya baharini, na wanawe walikuwa wanataka boti mpya ya kuwapeleka wageni kuangalia pomboo. Yeye alitaka aiunde mwenyewe. Lakini pale nyumbani palikuwa na maneno ya chini kwa chini, kwamba mzee siku hizi anasahau, anaacha miwani msikitini, anamwita mjukuu huyu kwa jina la yule, na shemeji yangu mkubwa, Mcha, alikuwa anasema kazi apewe fundi mwengine kabla mbao hazijaharibika. Mzee akawajibu kwamba mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, ataanza kuuchonga kwa shoka la marehemu baba yake, na shoka lenyewe, ambalo lilikuwa stoo miaka na miaka bila mpini, akanikabidhi mie.

"Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako? Hebu nifufulie hili."

Nikalipokea kwa mikono miwili kama nimepewa mtoto mchanga. Nikafika nalo nyumbani, nikakuta siki haitoshi ndoo mbili, na ile ndoo moja ilikuwa na mashoka mengine mawili nliyonunua wiki ile, basi nikasema aa, ntalitia humohumo, ntalijua tu. Sikufunga waya, sikutia alama. Nlikuwa nimempiga picha mzee amelishika, nikaona hiyo inatosha.

Baada ya siku mbili nikayatoa, nikayasugua, nikayapanga juu ya gazeti, nikabaki nayatazama. Matatu, yamenawiri, kimo kimoja, upana mmoja, kama ndugu wa tumbo moja. Nikafungua simu nitazame picha, naona kutu na dole gumba la mzee. Nikamwita Raya.

"La baba lipi hapa?"

"Unaniuliza mie? Mjuzi si wewe?"

Moja lilikuwa na chapa karibu na tundu la mpini, herufi tatu, ya katikati imelika. Mawili hayakuwa na kitu. Na mie (hapa ndipo ujinga wangu ulipo) nikaanza kujishawishi kwamba lenye herufi ndilo, kwa sababu gani? Kwa sababu lilikuwa zuri! Fundi mkubwa, nikasema, na baba yake alikuwa fundi mkubwa, atakosaje shoka la kiwandani lililokuja na meli? Nikalitia mpini, nikalinoa mpaka linanyoa vinyweleo vya mkono, na kufika Alhamisi nlikuwa nshasahau kwamba nlikuwa nakisia.

Ijumaa baada ya sala tukakaa mkekani, mzee, Mcha, wadogo zake wawili na mie, kina mama wako upande wa jikoni na mlango uko wazi. Nikamwamkia mzee, nikalitoa shoka ndani ya kitambaa, wote wakasema mashaallah. Nikaanza. Chuma hiki si cha hapa, baba, hiki cha Ulaya, tazama chapa hii, mashoka haya waliyaleta wenye meli, marehemu alikuwa na jicho. Nlisema mpaka nikamsikia Raya kule mlangoni anamwambia mama yake, "Unamuona mkweo?"

Mzee akaligeuza. Akaligeuza tena. Akavaa miwani.

"Mbona langu halikuwa na herufi?"

Hapo, jamani, njia ilikuwa nyeupe. Ningesema tu, baba, nliyachanganya. Lakini macho yote yako kwangu, na maneno ya meli bado ya moto mdomoni, nikajisikia nasema, "Zilikuwa chini ya kutu, baba."

"Nimelinoa shoka hili tangu kijana."

"Kutu hufunika vitu vingi, baba."

Mcha akamtazama mdogo wake, mdogo wake akatazama mkeka. Kisha Mcha akasema kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Baba, si unaona? Ndiyo tunayokwambia. Hata shoka la babu."

Mzee akalilaza shoka magotini. Nlitegemea atakasirika. Hakukasirika. Alitazama mikono yake kama anaiuliza kitu, akasema, "Labda. Labda kweli nimesahau." Kisha tena, polepole, "Basi boti mpeni fundi mwengine."

Sinia ikaletwa, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na wallahi tonge la kwanza nikalifinyanga mpaka likawa jiwe. Wao wanazungumza nani apewe kazi, mzee anachezea wali kwa vidole, na mie kichwani nnagombana na nafsi yangu: kwani huenda ndilo? Huenda zilikuwa chini ya kutu kweli? Kwani mie nnajua? Nikagundua kwamba sijui chochote, sijui hata kama nimesema uongo au nimesema kweli kwa bahati, na pale pale mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba, mie silijui."

"Hulijui nini, mwanangu?"

"Shoka."

Mcha akanionyesha kwa mkono wenye wali. "Si hilo hapo?"

"Hilo nnalijua. Lakini silijui kama ndilo."

"Ndilo lipi?"

"La baba. Yalikuwa matatu. Ndoo ilikuwa moja."

Wakanitazama kama mtu aliyepandwa na homa. Mama mkwe akasema kule jikoni, "Mpeni maji." Raya akashika kiuno mlangoni (nlijua safari ya kurudi itakuwa ndefu). Ikabidi nieleze yote, siki, picha, dole gumba, na kila nikieleza nnazidi kuonekana kichaa, halafu nikakimbilia mkoba wangu, maana yale mawili mengine nlikuwa nimeyabeba ili nijionyeshe, nikayalaza mkekani pamoja na lile la kwanza, mbele ya sinia, na samaki anatutazama.

"Kwa hiyo baba hakusahau," alisema Mcha.

"Aliyesahau ni mie."

Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Mzee akanawa mikono bila ya haraka. Akachukua la kwanza, akaliweka. La pili, akalipima uzito, akapitisha kidole kwenye makali, akaliweka. La tatu. Akarudia la pili. Sisi wote tumeinama kama tunachungulia kisimani. Mwisho akalichukua la tatu, lisilo na chapa, akalipakata.

"Hili."

"Una hakika, baba?" aliuliza Mcha.

"Na mkuku nnauchonga mwenyewe. Mwenye neno?"

Mcha akamsogezea sinia.

Jioni mzee akanisindikiza mpaka kwenye gari, mie nimeinamisha kichwa, nnaomba radhi kwa mara ya kumi, na nikashindwa kujizuia nikamuuliza alilijuaje, kwa uzito, kwa makali, kwa nini? Akageuka akatazama kama wanawe wako mbali. Akanisogelea.

"Sikulijua," akasema. "Yote yanafanana. Umeyasugua mno."

Akanipigapiga begani akarudi ndani, ameshika shoka lake, au la mtu mwengine, Mungu ndiye ajuaye.

Boti inaendelea vizuri. Mie siku hizi nnafunga waya wenye jina kwenye kila shoka kabla halijagusa siki, na mtu akiniletea chuma akaniuliza kimetoka wapi, nnakitazama kwa heshima zote, nnakigeuza, kisha nnamjibu kwamba sijui. Na lile la herufi bado liko nyumbani, nimelitundika ukutani. Raya akinikuta nalitazama, mdomo unataka kuanza hadithi ya meli, ananiambia, "Usithubutu," na sithubutu.