Shikamoo ya Msengi

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi hivi, maana hakuna aliyeandika, baba yangu alikufa. Nikaacha shule darasa la pili, nikaenda kuchunga mbuzi wa watu Kinyangiri. Naanza hapo ili ujue anayekusimulia si mtu wa kuota-ota. Haya yalinitokea mimi, saa sita mchana, nikiwa sijaonja pombe. Ukitaka amini, usipotaka acha.

Mbuzi wale niliwachunga na Msengi. Yeye ndiye aliyekuwa na kibuyu cha maziwa. Alikunywa nusu, nusu akanipa, kila siku, bila kuombwa. Tulipokuwa watu wazima tukahamia wote Iguguno, yeye na ng'ombe zake, mimi na mashine yangu ya kukamua alizeti. Tuligombania jambo moja tu: nani mkubwa. Mama zetu wote walisema tulizaliwa mwaka nzige walipokula uwele. Sasa nani alitangulia? Basi miaka hamsini hakuna aliyemwamkia mwenzake. Asubuhi anafika mashineni, anasimama mlangoni, ananitazama.

"Nasubiri shikamoo yangu," anasema.

"Kaa chini basi, usije ukafia mlangoni."

Halafu tunacheza drafti.

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa hapa, anayewafundisha watoto chesi, akawa anatuonyesha kwenye simu watu wawili wakigombea ubingwa wa dunia. Ni kama drafti, ila kuna mfalme na farasi, na mtu anaweza kukaa nusu saa anafikiri kabla ya kugusa kete. Majina yao yalitushinda. Mmoja tukamwita Koti, mwingine Miwani. Msengi alimchagua Koti kama anavyochagua dume mnadani: shingo nene, jicho halishuki. Mimi nikamchukua Miwani kwa sababu goti lake halitikisiki. Hela hatukuzitaka. Tukawekeana shikamoo: ambaye mtu wake atashindwa, atamwamkia mwenzake maisha yote. Watu wa mashineni wakawa mashahidi.

Shindano lilikuwa la wiki tatu. Wiki ya pili Koti akaongoza, na Msengi akawa anakuja kofia imekaa upande, kwa maringo. Asubuhi moja hakuja. Alikuwa amelala hakuamka. Kaburi nilichimba mimi na wanawe. Wakanipa viatu vyake vya matairi, nikavivaa palepale.

Siku tatu baada ya kuzika, nilikuwa natoka shambani kwangu, njia ile inayopita katikati ya alizeti. Mbele yangu amesimama Msengi. Watu huniuliza kama alikuwa na kivuli. Saa sita mchana hata mimi nilikuwa sina. Nilichoona ni miguu: peku, juu ya mchanga unaochoma kama kikaango, wala hakuinua kidole. Alitazama viatu vyake miguuni mwangu, akatabasamu. Halafu akavua kofia, ileile tuliyomwekea kwenye jeneza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Nikudanganye ili iweje? Niliogopa. Tangu utotoni tumeambiwa marehemu akikusemesha usimwitikie, ukiitika umemfuata. Nikapita pembeni yake nimefunga mdomo. Nilipogeuka alikuwa bado ameinama, kofia mkononi, kama mtoto anayesubiri kuitikiwa. Wewe ungefanya nini?

Mashineni nikamwambia mwalimu kwamba Miwani ameshinda. Akacheka kwa adabu, akasema mzee, bado michezo miwili, na Koti anaongoza kwa mmoja. Nikamjibu kuwa Msengi hawezi kuniamkia bure. Hapo aliacha kucheka.

Miwani akashinda mchezo wa kwanza. Akashinda na wa pili. Watu wakapiga kelele mashine nzima, wengine wakanipa mkono, na mimi sikuweza kula. Nilikuwa namwona mtu ameinama juani. Aliyenipa nusu ya kibuyu chake ametoka kaburini kutimiza ahadi, nami nimemnyima neno moja.

Kesho yake saa sita nikaenda palepale. Nikifa nife. Hapakuwa na mtu. Nikavua viatu, mchanga ukanichoma.

"Marahaba, Msengi," nikasema.

Upepo hata wa kutikisa jani haukuwepo. Nikaona bado haitoshi. Nikavua na kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Ilikuja haraka, karibu kabisa na sikio langu la kushoto, kama mtu aliyekuwa ameishika mdomoni miaka hamsini. Ikafuatiwa na kile kicheko chake cha puani. Kumbe mzee yule alikuja kunitega!

Sikio hilo linavuma mpaka leo. Daktari amelitazama, hakuona kitu. Vijana nao wanakuja niwatabirie mpira, nawafukuza. Mimi sijui kutabiri. Najua rafiki yangu tu. Na wewe unayesoma, kama una mtu unayembania salamu, mpe leo akiwa bado anakanyaga mchanga ukamchoma. Na ukipita njia ile ya alizeti saa sita, usikie "marahaba" kabla hujaamkia mtu, usikimbie. Vua kofia, uamkie.

Leo nina mashine mbili za kukamua alizeti, nyumba ya tofali za kuchoma, shamba ekari kumi na nne, ng'ombe tisa, pikipiki moja, ubao mmoja wa drafti ambao sijaugusa, na viatu vya matairi jozi moja, ambavyo si vyangu.