Chai Wakati wa Gesi

Kibanda changu cha chai kimepakana na karakana ya Mzee Emilian hapa Manyoni, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mambo yake nayajua pengine kumshinda mkewe. Alitengeneza pasi, feni na majiko ya umeme, lakini jina lake lilijengwa na friji. Watu walizileta kutoka Itigi na Kintinku zimefungwa kamba juu ya malori, naye alizirudisha zikigandisha maji.

Yunisi alitoka Kintinku, akamwacha mtoto kwa mama yake, aje ajifunze kazi hiyo. Kwao hakuna fundi friji hata wa dawa. Shauri lake lilikuwa moja tu: ajue kazi yote, arudi, afungue karakana yake na alale nyumba moja na mwanawe. Alikuwa mwepesi. Pasi na feni alizimaliza mapema. Kwenye friji alijua kutafuta tundu kwa povu la sabuni na kuchomelea bomba la shaba. Lilibaki jambo moja, kujaza gesi.

Hapo ndipo nilipokuwa nakasirika. Kila mzee alipoushika mtungi wa gesi, alisema, "Yunisi, mwanangu, hebu kaniletee chai kwa Amne." Binti anakuja mbio, mimi namimina haraka nusura nijiunguze, anarudi mbio, anakuta mtungi umeshafungwa. Safari moja nilimpelekea chai mwenyewe kabla hajaagiza. Mzee akaitazama, akasema leo anataka ya tangawizi.

Geji yake ya kupimia gesi ilikufa zamani. Alijaza gesi kwa mkono wa kulia: analishika bomba linalorudi kwenye kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, anainamisha sikio, mpaka baridi ya bomba imwambie basi. Gesi ikipungua friji haigandishi, ikizidi kompresa inakufa. Kipimo kilikuwa kiganja chake.

Nikamwambia, "Mzee, mtoto wa watu utamweka hivi mpaka lini?"

"Amne, Simeoni nilimfundisha yote. Yuko wapi leo?"

Alipo tulipajua sote. Alifungua duka ng'ambo ya barabara, akamnyang'anya mzee wateja, kisha akahamia Dodoma bila hata kuaga.

"Fundi hafundishi mpaka mwisho," mzee akasema. "Akifundisha yote atakula nini?"

Nikarudi kwenye birika langu, maana jeraha lake nalo lilikuwa la kweli.

Kisha akapata kiharusi, akifunga kamba za viatu aende kanisani. Kikauchukua upande wa kulia pamoja na maneno. Yunisi hakuondoka. Kila asubuhi alimfuata nyumbani, akamkalisha kwenye kiti mbele ya karakana, akamwamkia shikamoo, ingawa jibu lilikuwa mguno tu.

Joto la Novemba lilipopamba moto, friji ya nyumbani kwa mzee ikaacha kugandisha. Ndani mlikuwa na dawa yake ya kisukari, ile ya kujidunga. Mkewe, Magdalena, akaileta karakana huku analia. Yunisi akaliona tundu, akalichomelea, akatoa hewa kwa pampu, akaunganisha mtungi. Halafu akasimama.

"Fundi," akasema taratibu, "hapa mimi nilikuwa naenda kununua chai."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali ingekuwa kejeli.

Mzee akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaubandika kwenye bomba kama alivyozoea. Haukuhisi kitu. Akajaribu wa kushoto, lakini huo kazi hiyo haukuwahi kuifanya. Akaukamata mkono wa Yunisi, akauweka pale, akaubana.

"Niongeze, baba?"

Akabana.

"Au basi?"

Akabana tena, machozi yanamtoka. Kichwa kilikubali na kukataa kwa pamoja. Yunisi akaongeza kidogo. Kompresa ikanguruma, ikagonga, ikanyamaza. Haikuwaka tena.

Magdalena akazifunga chupa za dawa kwenye mfuko, akaziweka ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kama muuguzi alivyowahi kumwelekeza. Mteja mmoja akacheka kibandani kwangu, ati mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia aache kikombe changu aende zake.

Nilimshauri Yunisi aende kwa Simeoni akamalizie kujifunza. Akaniuliza, "Na fundi nani atamtoa nje asubuhi, dada Amne?"

Bado yuko hapa na pasi zake na feni zake. Mtoto wake kule Kintinku ameanza shule, na bibi yake ndiye anayemwita mama. Mtu akileta friji, Yunisi humwelekeza aipeleke Dodoma, kwa fundi mmoja anaitwa Simeoni. Husema kwa sauti ya chini, lakini kiti cha mzee kiko pale pale mlangoni, na masikio yake hayajapooza.